Bitana ya Sabuni

Meneja wa duka alikiinua kipande cha sabuni kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake. Sabuni ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya gazeti, na uzi mwekundu wa cherehani umezungushwa mara mbili na kumaliziwa kwa fundo dogo. Mama alikuwa ameyafunga mafundo yale asubuhi nzima, moja moja, akiamini yanapendeza.

"Inanukia vizuri," meneja alisema. "Hilo sikatai. Lakini mama yangu, hii inauzwa au inafichwa?"

Mama alicheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Binti yake, aliyesimama nyuma akiwa ameshika kapu, hakucheka. Aliitazama rafu iliyokuwa wazi kati ya shampuu na dawa za meno. Upana wake haukuzidi mikono miwili, lakini kwa muda ule aliiona pana kama shamba.

"Aliyekuwa akiniletea sabuni za maua ameacha," meneja aliendelea, sauti imelainika kidogo. "Nileteeni vipande mia mbili, kila kimoja ndani ya boksi lake. Boksi linalosimama lenyewe, lenye jina, lenye maelezo ya kilichomo. Ijumaa ijayo saa nne asubuhi. Zikiuzika, rafu ni yenu. Msipokuja, kuna mwenye mishumaa anaililia."

Walitembea mpaka kwenye kona ya nyumbani. Ndipo Mama aliposema, "Kwani fundo langu lina ubaya gani?"

"Halina ubaya, Mama."

"Kama halina ubaya, mbona amelishika vile?"

*

Nyumbani, Fundi, baba wa binti, alikuwa amekaa mbele ya cherehani akimsubiri mtu yeyote mwenye macho. Mwenyewe hakusema hivyo. Alisema sindano za siku hizi zinatobolewa vitundu vidogo makusudi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameshona suruali, makoti na sare za shule katika chumba kile cha mbele, na ukutani juu ya kichwa chake palikuwa na msumari mrefu uliobeba violezo vyake vya karatasi ya kaki: miguu ya suruali, mikono ya koti, kola. Kwenye kila kiolezo aliandika kwa penseli ni cha nani. "Mwalimu mnene, kiuno 44." "Bwana harusi wa kona, bega la kulia limeshuka." Na msumari ule ulikuwa na sheria yake. Kiolezo hakikutundikwa mpaka nguo ivaliwe na mwenyewe aridhike. Kilichokosewa kilitumika kuwashia jiko.

"Msomi, njoo unitungie uzi," alisema kabla hawajavua viatu.

Msomi lilikuwa jina la mtaani la binti. Majirani walimpa siku alipohitimu chuo, kwa shangwe na vigelegele. Miaka miwili ilipopita bila kazi, jina lilibaki vilevile lakini sauti za kuliita zikabadilika. Ni baba yake peke yake aliyeendelea kulitamka kama siku ile ya kwanza. Binti alitunga uzi, akamsimulia habari za duka.

"Nimewapigia simu watu wa kiwanda cha maboksi," alimalizia. "Hawaanzi chini ya elfu tano."

"Elfu tano, pesa?"

"Elfu tano, maboksi."

Fundi alipiga mluzi. "Kwa hiyo tukitaka mia mbili, elfu nne na mia nane yaliyobaki tuyavae kama kofia."

"Nitalichora mwenyewe, Baba. Ile programu niliyochorea ramani chuoni inaweza. Tunachapisha pale stesheneri kwenye karatasi ngumu, halafu tunakata na kukunja wenyewe hapa."

"Boksi nalo linachorwa?"

"Linachorwa kama suruali. Kwanza linalala chali, limejitandaza. Ukishalikunja ndipo linasimama."

Fundi aligeuka kumtazama vizuri. Katika miaka yote ya masomo ya mtoto wake, hii ilikuwa mara ya kwanza kusikia jambo la chuo akalielewa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Lakini stesheneri hawachapishi kwa mapenzi. Pesa iliyokuwapo ndani ya nyumba ilikaa kwenye kopo la biskuti, na ilikuwa na kazi yake.

"Hiyo ni ya miwani," Mama alisema, akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Miwani ya nini?" Fundi alijibu. "Ili nione vizuri tunavyokosa rafu? Mpe mtoto."

"Juzi umeshona mfuko wa suruali ya watu ukaelekea mgongoni!"

"Na mwenyewe kasema hivyo hata wezi hawatauona. Mpe mtoto, mama."

Mama aliuondoa mkono, kidole kimoja kimoja.

*

Kompyuta ya Msomi ilikuwa ya mkono wa tatu, haina kitufe cha herufi A, na bila kuchomekwa kwenye umeme haikumaliza dakika tano. Aliiweka kwenye meza ya kukatia nguo. Fundi alivuta kigoda, akaketi nyuma yake.

"Huyu ndiye yule panya?"

"Kipanya, Baba."

"Mtoto wa panya. Sawa. Endelea."

Msomi alimwonyesha. Programu ile haikupaka rangi kama brashi. Ilikumbuka mistari: imeanzia wapi, imeishia wapi, imepinda kiasi gani. Ungeweza kuukuza mchoro ukaenea ukuta mzima, na ukingo wake ukabaki mkali kama wembe. Alichora mistari ya aina mbili. Mwekundu ulikuwa wa kukata. Wa bluu, uliokatikakatika, ulikuwa wa kukunja. Uso wa mbele, ubavu, mgongo, ubavu wa pili, vyote vikiwa vimesimama bega kwa bega. Juu na chini akaweka vifuniko vyenye ulimi wa kuchomeka ndani, na pembeni mwa vifuniko masikio mawili mawili ya kuzuia vumbi.

"Mama, nipe kipande kimoja nipime!"

Mama aliingia chumba cha nyuma, ambako sabuni zilikaa kwenye mbao zikikauka. Alizipita zile za zamani, zilizokuwa tayari kwenda dukani, kwa kuwa alishazihesabu na hakutaka kuivuruga hesabu. Kwenye ubao wa chini palikuwa na sabuni alizozikata jana tu, laini, zinang'aa, kingo zimenyooka kama za tofali jipya. Alichagua iliyo nzuri kuliko zote. Kama mtoto anakwenda kupima, basi apime kitu cha kuonekana. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ingawa hakuna aliyesikia chochote kikivunjika.

Msomi alipima kwa rula mara tatu. Urefu milimita tisini, upana sitini, unene thelathini. Akaziingiza namba, akaenda kuchapisha boksi la kwanza pale stesheneri kwenye karatasi ya kawaida, akalikata, akalikunja. Likasimama, likatikisika, likafunguka lote kama mgonjwa aliyekataa kulazwa.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mshono wako uko wapi, Msomi?"

"Mshono gani?"

"Umekata palepale mwili unapoishia. Sasa utashonea hewani? Kila nguo lazima iwe na nyama ya ziada ya kukutanisha kipande na kipande."

Msomi alitazama kwenye skrini. Ni kweli. Nyuso nne, na hakuna mahali pa kupaka gundi. Akaongeza ulimi mwembamba ubavuni, kingo zake zimekatwa mshazari ili zisikwame.

"Na karatasi yenyewe ni nene kiasi gani?" baba aliuliza. "Kitambaa kinene hula kipimo. Kila unapokunja, kinakuibia."

Akaongeza milimita moja hapa, nusu pale. Boksi la pili lilisimama. Sabuni iliteleza ndani, ikatulia kama mtoto aliyelishwa. Mama alilizungusha mkononi, akasoma maneno ya mbele aliyochorewa, "Sabuni ya Mama". Aliliweka juu ya redio, mahali palipowekwa vitu vya maana.

*

Mwenye stesheneri alikuwa bwana mwembamba aliyevaa kalamu kwenye kila sikio.

"Umehakiki vipimo?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Nakuuliza kwa wema. Karatasi ikishapita kwenye mashine, mimi na wewe hatujuani."

"Nimehakiki, kaka."

Mashine ikaanza kutema. Karatasi ngumu mia mbili na kumi, kumi zikiwa za makosa. Msomi alizibeba kifuani zikiwa bado na joto la mashine, na pesa ya miwani ikabaki kwenye droo ya stesheneri.

Jumatano yote nyumba iligeuka kiwanda. Kwenye mistari ya kukunja Fundi alipitisha kigurudumu chake cha meno, kile cha kuhamishia alama kwenye kitambaa, na karatasi ikawa inapinda yenyewe bila kupasuka. Kwa kazi hiyo hakuhitaji macho sana. Aliweka rula, akaufuata ukingo kwa kidole gumba. Msomi alikata. Mama alipaka gundi. Mabaki ya karatasi, mapana kama kiganja, yaliingia kwenye gunia la kuwashia jiko. Jirani alichungulia mlangoni kuuliza kama kuna uchaguzi.

"Upo," Fundi alimjibu. "Mama ndiye mgombea pekee."

Alhamisi mchana maboksi mia mbili yalikuwa yamesimama sakafuni kwa safu. Mama aliingia chumba cha nyuma, akatoka na ubao wa kwanza wa sabuni zilizokauka. Alichukua kipande, akakitumbukiza.

Kiliingia kwa haraka mno. Akafunga kifuniko, akalitikisa boksi karibu na sikio.

Ko-ko-ko.

Akajaribu la pili. Ko-ko-ko. La tatu. Kila mtu alisikiliza sauti ile ya sabuni inayogonga kuta kama mtu aliyefungiwa chooni.

"Mbona maboksi yamekua?" Mama aliuliza.

Msomi alichukua rula. Urefu themanini na tano. Upana hamsini na sita. Unene ishirini na saba.

"Mama, sabuni zinapungua?"

"Sabuni hupungua, mwanangu. Maji yanatoka. Wiki sita zote kule kwenye mbao ulidhani zinafanya nini, zinasubiri kuposwa?"

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Umeomba kipande, nikakupa kizuri."

Msomi alikaa chini katikati ya maboksi. Alifikiria meneja akilitikisa boksi moja kwa vidole viwili. Alifikiria mwenye mishumaa. Zaidi ya yote alifikiria lile kopo tupu, na baba yake akiinua sindano kuelekea dirishani, akiikosa, akijaribu tena huku akiimba ili mtu asidhani ana shida. Machozi yalimtoka, makubwa, ya kitoto.

"Nimekula miwani yako, Baba."

"Umekula nini?"

"Miwani. Nimepima mara tatu, na nimepima sabuni mbichi."

Fundi alilichukua boksi, akalitikisa, akaingiza kidole ndani kupima nafasi iliyobaki, kama alivyoingiza kidole kwenye kola za wateja. Kisha uso wake ukakunjuka.

"Unajua bwana harusi wa kona? Nilimpima amenenepa kwa furaha ya uchumba. Siku ya kujaribu koti, amekonda kwa wasiwasi wa mahari. Koti likamning'inia kama pazia. Unadhani nilifanyaje? Nilikata koti jingine?"

"Sijui."

"Nilitia bitana, kile kitambaa cha ndani. Nene, ya heshima. Akasimama mbele za watu kifua mbele, na mpaka leo anasema koti lile ndilo lililomtia moyo." Akalivuta gunia la mabaki kwa mguu. "Karatasi ya bitana hii hapa, na imeshalipiwa."

"Karatasi moja ni nyembamba, Baba. Nafasi ni kubwa."

"Sketi ya shule nayo ni nyembamba. Inavimbaje?"

Msomi alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Mikunjo! Alisimama ghafla, akaangusha safu nzima ya maboksi, akawasha kompyuta. Alichora boksi kwa ndani kama lilivyo, akachora sabuni iliyokauka katikati yake, akaujaza mwanya uliozunguka kwa mstari unaopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Mikunjo kumi na miwili ilibana mno. Minane ililegea. Kwenye skrini aliweza kukosea mara ishirini bila kuharibu hata kipande. Alipofika kumi, mistari ilikutana.

"Kumi! Kila baada ya sentimita mbili. Na chini tunalaza kipande kimoja kilichokunjwa mara mbili."

"Kumi," Fundi aliitikia, kigurudumu kikiwa mkononi tayari.

Bitana ya kwanza ilimzunguka mteja wake kama sketi mpya. Mama aliiteremsha sabuni ndani ya boksi, akafunga, akatikisa karibu na sikio. Akatikisa tena kwa nguvu, kama anayekung'uta kipimajoto.

"Imenyamaza," alisema.

"Haya, bado mia moja tisini na tisa," Fundi akasema. "Jirani! Wewe uliyeuliza uchaguzi, njoo upige kura!"

Jirani alikuja na dada yake. Walikunja, walitaniana, waliharibu chache, na jua lilipoanza kulalia madirishani boksi la mwisho lilikuwa limefungwa.

*

Ijumaa saa nne kasoro robo, mlinzi wa duka aliwatazama na makatoni yao, akawaelekeza mlango wa nyuma, ule wa mapipa ya taka. Mama alitengeneza kitambaa chake cha kichwa, akapita hapo kama malkia.

Meneja alilichukua boksi moja. Alilisimamisha juu ya meza, likasimama. Alisoma mbele, akasoma ubavuni. Kisha, kama Msomi alivyojua tangu jana, alilipeleka sikioni na kulitikisa.

Kimya.

Akalifungua, akachungulia. "Na hii sketi ya ndani ni nini?"

"Ni mtindo," Mama alisema haraka.

Uongo ule mdogo ulikuwa umewekwa mezani kwa ajili ya Msomi, kwa upendo, na kuuacha pale ungekuwa jambo rahisi kabisa. Lakini alijua kwamba akiuacha, mwezi ujao ingebidi aendelee kuukunja mara kumi kumi.

"Tulikosea kipimo," alisema. "Nilipima sabuni kabla haijakauka, boksi likatoka kubwa. Baba ni fundi wa nguo, akasema tutie bitana. Mzigo ujao utatosha bila bitana. Nimeshausahihisha mchoro."

Mama aliangalia dari. Meneja alimtazama Msomi, kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa kilichomfanya mtunza fedha ageuke kule mbele.

"Fundi wa nguo! Yule wa sabuni za maua alikuwa ananiletea nusu zimevunjika kingo, nikimuuliza anasema ndivyo zilivyoumbwa." Akaigusa mikunjo kwa ncha ya kidole. "Pangeni. Mia mbili zote. Na ujao utoshe kweli, rafu yangu si ya kupoteza nafasi."

Walizipanga wenyewe. Mama alisogeza boksi moja moja mpaka majina yote yakaangalia mlangoni.

*

Wiki ya tatu duka liliagiza mia tatu nyingine, na malipo ya zile za kwanza yakaingia kwenye kopo la biskuti. Hayakulala humo hata siku mbili. Jumatatu Fundi alirudi nyumbani amevaa miwani yenye fremu nyeusi, akitembea polepole na kusimama kila hatua, akisoma kwa sauti mabango aliyoyapita kwa miaka.

Aliingia chumba cha mbele, akatunga uzi kwa pigo la kwanza, akautungua, akautunga tena kwa raha zake. Halafu akavuta kigoda mpaka kwenye kompyuta.

"Kumbe mistari yako imenyooka hivi?"

"Siku zote ilikuwa imenyooka, Baba."

"Mimi niliiona ina manyoya. Nilinyamaza nisikuvunje moyo."

Msomi alimpa kiolezo cha boksi jipya, kilichochapishwa kwa ukubwa wake halisi. Fundi alikikata mwenyewe kwa mkasi mkubwa, akapitisha kigurudumu, akakikunja bila gundi. Mama alimpa sabuni, na safari hii alitoka nayo kwenye ubao wa juu. Iliingia taratibu, ikisukuma hewa mbele yake, ikakaa. Fundi alitikisa. Akampa Mama, naye akatikisa. Akampa Msomi.

Kisha Fundi akalifungua boksi, akalilaza chali, akalinyoosha kwa kiganja. Alitoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kwenye ubavu kwa herufi zake zilizolala upande. Alipanda juu ya kigoda, akakichoma kiolezo kwenye msumari, mbele ya mwalimu mnene na bwana harusi wa kona.

Msomi alisogea kusoma. Ilikuwa imeandikwa: "Sabuni ya Mama. Urefu 85, kiuno 56. Asipimwe akiwa mbichi."